Jifunze Kijapani ukiegemea Kiswahili chako: mwongozo kwa anayeanza kabisa

Vitabu na video nyingi za Kijapani zimetungwa kwa ajili ya watu wanaofikiri kwa Kiingereza. Ndiyo maana mwanafunzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura hujikuta anasomeshwa kurasa nzima juu ya mambo ambayo tayari anayo mdomoni, huku yale yatakayomsumbua kweli yakipitiwa juujuu. Mwongozo huu unaanzia kwetu. Mahali Kiswahili kinapokusaidia nitakuonyesha ukitumie bila woga, na mahali kinapokupoteza nitakuambia mapema.

Haijalishi umevutwa na katuni za anime, unatafuta ufadhili wa serikali ya Japani wa MEXT, au unaagiza magari na umechoka kuangalia karatasi za mnada bila kuelewa kitu. Mwanzo ni uleule, na mpangilio wake ni huu: sauti, kisha herufi, kisha maneno na sarufi kwa pamoja, kisha kanji, yaani alama zenye asili ya Kichina. Usiruke hatua mbili za kwanza hata kama una haraka. Anayeziruka hulipa baadaye, na hulipa kwa riba.

Hatua ya kwanza: sauti

Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Soma maneno haya kama unavyosoma Kiswahili: sakana (samaki), mizu (maji), neko (paka), yama (mlima). Umeyapatia. Irabu ya u tu ndiyo unayopaswa kuilegeza, usiichongolee midomo sana.

Kuna pia sauti ya n inayojitegemea kama silabi, inayoandikwa ん. Tunayo: ni ile n ya nchi na nne. Neno hon (kitabu) lina mapigo mawili, ho-n. Hata tabia ya n kugeuka m ni ileile. Tunasema nyumba mbaya, hatusemi "nbaya". Nao huandika shinbun (gazeti) na kutamka shimbun.

Sasa yale ya kufanyia kazi.

Urefu wa irabu hubadili maana. Kiswahili kina jambo hilo kidogo, kufa si sawa na kufaa, ila kwa Wajapani limeenea lugha nzima. Obasan ni shangazi au mama mdogo, obaasan ni bibi. Biru ni jengo, biiru ni bia. Yuki ni theluji, yuuki ni ujasiri. Irabu ndefu ihesabie mapigo mawili kamili, na ujizoeze kwa kupiga makofi: o-ba-sa-n ni makofi manne, o-ba-a-sa-n ni matano. Katika mwongozo huu nimeandika irabu ndefu kwa herufi mbili, kama zinavyoandikwa kwa kana, yaani herufi za silabi za Kijapani, ili jicho lisizipite.

Konsonanti maradufu hazimo katika Kiswahili sanifu, kwa hiyo zitakuponyoka. Kite ni "njoo", kitte ni stempu. Kwenye kitte unaziba sauti kwa pigo moja zima kabla ya kuachia te. Usipoziba, msikilizaji atasikia neno lingine kabisa.

Kubwa kuliko yote ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo yamekaa ndani sana kiasi kwamba hatuyasikii. Kijapani hakikazi, sauti hupanda au kushuka tu, kama wimbo wa taratibu. Katika Kijapani cha Tokyo, hashi inayoanzia juu na kushuka ni vijiti vya kulia, na hashi inayoanzia chini na kupanda ni daraja. Ame inayoshuka ni mvua, inayopanda ni peremende. Kwa sasa usikariri kanuni za kupanda na kushuka. Sikiliza sentensi fupi, rudia papo hapo pamoja na msemaji, jirekodi kwa simu, kisha linganisha. Dakika kumi za kazi hiyo kila siku zina faida kuliko saa nzima Jumamosi.

Mengine ni madogo: desu na masu mwishoni mwa sentensi husikika "des" na "mas", fu hupulizwa kwa midomo miwili bila kugusa meno, tsu ni t na s zinazotoka pamoja, na r ni ulimi kugusa mara moja na kuondoka. Sauti ya l hawana, hivyo Lulu na Ruru huandikwa vilevile.

Kwa kusikiliza, NHK World-Japan, shirika la utangazaji la Japani, wana idhaa ya Kiswahili, na wametoa masomo ya Kijapani ya bure yenye maelezo ya Kiswahili. Anzia hapo kabla hujatafuta kitu kingine.

Hatua ya pili: hiragana na katakana

Mzungumzaji wa Kiswahili ana kishawishi ambacho wengine hawana. Kijapani kikiandikwa kwa herufi za Kilatini, yaani romaji, tunakisoma kwa urahisi mno kiasi cha kutotaka kuondoka hapo. Ondoka. Hakuna duka, barua, mtihani wala kitabu cha watoto huko Japani kilichoandikwa kwa romaji mfululizo. Itumie wiki chache za mwanzo tu, na mimi ninaitumia hapa kwa kuwa bado hujajua kana.

Kana ni mbili, kila moja ina alama 46 za msingi. Hiragana huandika maneno ya Kijapani chenyewe na viambishi vya sarufi. Katakana huandika maneno ya kigeni na majina ya watu wa nje, likiwemo lako. Kila alama ni silabi nzima: か ni ka, み ni mi. Mtoto wetu anayeanza shule kwa kuimba "ba be bi bo bu" tayari anafikiri kwa namna hiyo.

Chukua daftari la hesabu lenye miraba. Kila siku jifunze safu mbili tu, alama kumi: a i u e o, kisha ka ki ku ke ko. Andika kila alama kwa mkono huku ukiitamka, kisha funika na uandike kwa kumbukumbu. Kesho yake anza kwa kuandika za jana bila kutazama, ndipo uongeze mpya. Kwa mwendo huo hiragana huisha ndani ya wiki moja, na wiki ya pili iwe ya kusoma maneno tu. Ndipo uje katakana kwa utaratibu uleule.

Mistari miwili midogo juu ya alama hubadili sauti: か ka huwa が ga, さ sa huwa ざ za, た ta huwa だ da, は ha huwa ば ba. Kiduara kidogo hugeuza は kuwa ぱ pa. Alama ndogo za ゃ ゅ ょ huungana na iliyotangulia na kuwa silabi moja, na udogo wake si pambo: びょういん (byouin) ni hospitali, びよういん (biyouin) ni saluni. っ ndogo ndiyo ile konsonanti maradufu.

Zinazochanganya wengi ni さ na ち, ぬ na め, る na ろ, na kundi la ね れ わ. Kwenye katakana ni シ na ツ, kisha ソ na ン. Dawa yake ni kuziandika kwa mpangilio sahihi wa mistari. Mistari mifupi ya シ imelala, imepangana upande wa kushoto, na mrefu unatoka chini kwenda juu. Ile ya ツ imesimama, imepangana juu, na mrefu unashuka. Mkono ukishajua hivyo, jicho nalo litajua.

Na uzingatie tatu hizi: は ikiwa kijineno cha sarufi husomwa wa, へ husomwa e, を husomwa o.

Kwa mazoezi ya katakana anza na jina lako. Baraka ni バラカ, Halima ni ハリマ, Neema ni ネーマ, ambapo mstari huo mrefu ni alama ya kurefusha irabu. Soma kisha maneno ya dunia: バス basu, テレビ terebi, コーヒー koohii, サファリ safari. パン, pan, ni mkate, na asili yake ni Kireno. Ni Wareno walewale waliofika pwani yetu mwaka 1498 na kutuachia meza na leso. Japani walitua mwaka 1543. Kahawa ya Tanzania nayo huuzwa Japani kwa jina la キリマンジャロ. Lisome bila msaada, kisha endelea.

Kuna darasa jingine linalopita barabarani kila siku. Magari yaliyotumika Japani yamejaa Afrika Mashariki, na mengi bado yana maandishi yake. Kwenye mlango wa gari la abiria utakuta 自動ドア: sehemu ya kwanza ni kanji, lakini ドア ni katakana, doa, yaani mlango, na maneno yote ni "mlango unaojifungua wenyewe". Kwenye mabasi madogo kuna 非常口, mlango wa dharura. Vipige picha vibandiko hivyo, uvihifadhi kwenye simu, uvirudie kila unapojifunza alama mpya.

Hatua ya tatu: simu yako

Hapa ni kazi ya jioni moja. Ongeza Kijapani kwenye kibodi ya simu. Utaandika sakana kwa herufi za kawaida nayo itakupa さかな na kupendekeza 魚. Weka programu ya kadi za kurudia. Anki ni nzuri kwa sababu hukuletea neno pale tu unapokaribia kulisahau, na kwenye Android haina malipo. Kamusi ya Jisho iko mtandaoni bure, maelezo yake ni ya Kiingereza. Japan Foundation nao hutoa bure kitabu cha masomo kiitwacho Irodori pamoja na sauti zake, na kimejengwa juu ya maisha ya kila siku. Vitu hivyo vinatosha kwa miezi mingi. Kukusanya programu ishirini si kujifunza.

Hatua ya nne: maneno

Kadi zako ziandike kwa Kiswahili upande wa nyuma, usiandike Kiingereza. Ukiweka lugha ya tatu katikati unalazimisha kichwa kuvuka mara mbili. Na usiweke neno peke yake, weka sentensi fupi: si mizu tu, bali mizu o kudasai, "naomba maji". Maneno kumi mapya kwa siku yanamtosha mtu mwenye kazi au masomo mengine. Yakizidi, marudio ya wiki ya tatu yatakulemea na utaacha.

Anza na vitu unavyovigusa: chakula, watu wa nyumbani, vitenzi vya kila siku, siku za wiki, hesabu.

Hesabu ichukulie kwa uzito. Moja hadi kumi ni ichi, ni, san, yon, go, roku, nana, hachi, kyuu, juu. Mia ni hyaku, elfu ni sen. Halafu wana neno man kwa elfu kumi, na kuanzia hapo hesabu yote huenda kwa man. Sisi tuna laki, na ndiyo njia ya mkato: laki moja ni juuman, laki tatu ni sanjuuman, milioni ni hyakuman. Zoeza bei za magari na kodi za nyumba kwa yeni mpaka zitoke bila kufikiri.

Saa nazo zina mtego wake. Wajapani huhesabu kuanzia usiku wa manane na mchana, si kuanzia machweo na macheo kama sisi. Kuji, "saa ya tisa", ni saa tatu yetu. Shichiji, "saa ya saba", ni saa moja yetu. Ukipanga miadi na Mjapani, andika tarakimu.

Kuhesabu vitu kunahitaji maneno maalumu kulingana na umbo. Vyembamba na virefu huhesabiwa kwa hon (ippon, nihon, sanbon), vya bapa kwa mai, mashine na magari kwa dai, vitabu kwa satsu, watu kwa nin, isipokuwa hitori kwa mmoja na futari kwa wawili. Mtu aliyekua akisema watu watatu, viti vitatu, miti mitatu, hawezi kushangaa kwamba namba hubadilika kufuatana na kinachohesabiwa. Kwa kuanzia, jifunze hitotsu, futatsu, mittsu hadi too, yaani moja hadi kumi, ambazo hufaa kwa vitu vingi visivyo hai.

Usipuuze maneno ya kurudiarudia. Kijapani kimejaa pikapika (kumetameta), perapera (kuongea lugha kwa ufasaha), pekopeko (njaa kali), dokidoki (moyo kudunda). Lugha yenye polepole, harakaharaka na chapuchapu huyapokea haya kwa furaha.

Hatua ya tano: sarufi

Hapa ndipo Kiswahili kinapong'ara, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Anza na viashiria. Kore, sore, are ni hiki, hicho, kile. Koko, soko, asoko ni hapa, hapo, pale. Kilicho karibu nami, kilicho karibu nawe au tulichokwisha kukitaja, kilicho mbali na sisi sote. Mwenye Kiingereza ana ngazi mbili tu na huhangaika nalo kwa majuma. Wewe utalimaliza leo.

Pili, kuwepo. Kiswahili hutenga kilicho hai: paka yupo, kitabu kipo. Kijapani nacho: neko ga imasu, hon ga arimasu. Mti, ingawa unakua, kwao ni arimasu, nasi tunasema mti upo. Tofauti ni hii: samaki aliyekwisha kupikwa kwetu bado "yupo" mezani, lakini kwao aliye hai ni imasu, aliye sahanini ni arimasu.

Tatu, mpangilio. Kitenzi hukaa mwisho, na kila nomino hufuatwa na kijineno kinachosema kazi yake.

アシャさんは いちばで さかなを かいます。
Asha-san wa ichiba de sakana o kaimasu.
Asha hununua samaki sokoni.

Wa inamtaja tunayemzungumzia, de inaonyesha tendo linapofanyika, o inaonyesha kinachonunuliwa. Kijineno huja nyuma ya neno, kama -ni inavyoganda nyuma ya soko. Lakini jihadhari, -ni yetu inabeba mambo ambayo wao wameyagawa. "Yupo sokoni" ni ichiba ni imasu. "Ananunua sokoni" ni ichiba de kaimasu. "Anakwenda sokoni" ni ichiba ni ikimasu. Jiulize kila mara: kuna tendo linafanyika hapo? De. Ni mahali pa kuwepo au pa kufikia? Ni. Hili ndilo kosa linalong'ang'ania zaidi kwa mwenye Kiswahili, lipe mazoezi ya ziada.

No ni -a unganifu iliyogeuzwa: kahawa ya Tanzania ni Tanzania no koohii. Gari la rafiki wa baba ni chichi no tomodachi no kuruma. Anza na la mwisho urudi la kwanza, nawe hutakosea. Uzuri ni kwamba hakuna ngeli: wa, ya, la, cha, vya zote ni no moja. Wala hakuna wingi wa lazima. Hon ni kitabu na ni vitabu.

Wa na ga hutisha watu bure. Sisi husema: "Juma, gari lake limeharibika." Tunamtaja Juma kwanza, kisha tunasema habari yake. Wao: Juma-san wa kuruma ga kowaremashita. Sentensi maarufu katika mafunzo ya sarufi ni zou wa hana ga nagai desu, tembo, mkonga wake mrefu. Tena ga hufanya kazi ya ndiye: ukiulizwa dare ga kimashita ka, nani amekuja, jibu ni Asha-san ga kimashita, Asha ndiye aliyekuja.

Nne, kitenzi. Hakina ni-, u-, a- wala tu-. Ikimasu ni naenda, unaenda, tunaenda, au wataenda, na maana hujulikana kwa mazungumzo. Kwa kuwa tumezoea kiambishi cha nafsi, tunaona pengo na kulijaza kwa watashi wa, "mimi", katika kila sentensi. Liache pengo. Mjapani hutaja "mimi" pale tu panapohitajika.

Nyakati ni chache: tabemasu (nala au nitakula), tabemasen (sili), tabemashita (nilikula), tabemasen deshita (sikula). Nataka kula ni tabetai desu. Halafu kuna jambo ambalo kila mwalimu wa Waswahili angelianza nalo: vitenzi vyao hunyambulika kama vyetu, na kwa mpangilio uleule. Kutoka taberu, kula, unapata tabesaseru, kulisha au kufanya mtu ale, kisha tabesaserareru, kulishwa. Tabe-sase-rare-ru, ku-l-ish-w-a: mzizi, kisha kutendesha, kisha kutendwa. Huhitaji haya mwezi wa kwanza, ila ukijua yako mbele hutayaogopa.

Unaweza kuyasikia hata kabla ya hapo. Magari mengi kutoka Japani huzungumza yakiwashwa: kaado ga sounyuu sarete imasen. Ni kifaa cha kulipia barabara kinachosema kadi haijaingizwa. Kaado ni kadi, sounyuu ni kuingiza, sare ni kutendwa, te imasen inakanusha hali. Sentensi nzima ya sarufi ya kati, inarudiwa kila asubuhi bila ada.

Tano, umbo la te, ambalo ndilo ufunguo wa nusu ya mazungumzo. Vitenzi vya kundi la taberu na miru huondoa ru na kuweka te: tabete, mite. Kundi kubwa la pili hufuata mwisho wa neno:

-u, -tsu, -ru huwa -tte: kau (nunua) katte, matsu (subiri) matte, toru (chukua) totte
-mu, -bu, -nu huwa -nde: nomu (kunywa) nonde, asobu (cheza) asonde, shinu (kufa) shinde
-ku huwa -ite: kaku (andika) kaite, isipokuwa iku (enda), itte
-gu huwa -ide: oyogu (ogelea) oyoide
-su huwa -shite: hanasu (sema) hanashite

Suru, fanya, huwa shite. Kuru, kuja, huwa kite. Jihadhari na kaeru (kurudi) na hairu (kuingia), sura zao ni za kundi la kwanza lakini ni za pili: kaette, haitte. Tia orodha hii katika wimbo wowote unaoupenda, uimbe.

Ukiwa nayo unaomba (matte kudasai, tafadhali subiri), unaeleza kinachoendelea (tabete imasu, anakula), na unasimulia. Kusimulia kwake ni -ka- yetu iliyopinduliwa. "Niliamka, nikanawa uso, nikala": okite, kao o aratte, tabemashita. Sisi wakati tunauweka kwenye kitenzi cha kwanza na vingine hufuata kwa -ka-. Wao hutanguliza te na kuweka wakati kwenye kitenzi cha mwisho.

Vivumishi nivipitie haraka. Vinavyoishia i hubadilika vyenyewe: takai (ghali), takakunai (si ghali), takakatta (ilikuwa ghali). Vingine huomba kijineno "na" kabla ya nomino: shizuka na heya, chumba tulivu. Kirei, nzuri au safi, inaishia i lakini ni ya kundi la na, kwa hiyo kirei na heya.

Hatua ya sita: kanji

Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina 2,136 tangu mwaka 2010. Usiitazame. Mtoto wa darasa la kwanza huko Japani hujifunza 80 kwa mwaka mzima, na hizo ndizo pa kuanzia: 人 mtu, 口 mdomo, 日 jua au siku, 月 mwezi, 木 mti, 山 mlima, 川 mto, 車 gari. Nyingi zilizobaki hujengwa kwa vipande hivi. Miti miwili, 林, ni kichaka cha miti. Mitatu, 森, ni msitu. Mtu kando ya mti, 休, ni kupumzika.

Kanji nyingi huwa na usomaji wa aina mbili: wa Kijapani cha asili, na ule uliokuja na maneno ya Kichina. 山 peke yake ni yama, ila Mlima Fuji ni Fujisan. 心, moyo, peke yake ni kokoro, na ndani ya maneno ya kuunganisha ni shin: 安心 anshin (utulivu wa moyo), 心配 shinpai (wasiwasi). Washairi wetu wanao moyo, wanao mtima, wanayo na kalbi, na kila moja lina mahali pake. Kwa hiyo usikariri orodha ya usomaji wa kanji moja. Kariri maneno. Ukijua Tanzania-jin タンザニア人 (Mtanzania), sannin 三人 (watu watatu) na hito 人 (mtu), umeshajua 人 bila kujitesa.

Andika kwa mkono, kwenye daftari lile la miraba. Juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, mlalo kabla ya wima, na kisanduku kifungwe mwisho baada ya vilivyomo, kama katika 国, nchi. Tatu kwa siku zinatosha, ilimradi za jana hazikusahauliwa.

Hatua ya saba: kuongea na watu

Chuo Kikuu cha Osaka kina wanafunzi wanaosomea Kiswahili, na vijana wa kujitolea wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, hufundishwa Kiswahili kabla ya kuletwa Tanzania. Hao ndio wenzako. Tafuta mmoja mbadilishane: nusu saa Kiswahili, nusu saa Kijapani. Samuel Wanjiru wa Kenya alikwenda Japani mwaka 2002 akiwa bado mwanafunzi, akasoma Sendai, na lugha akaipata katikati ya wenzake wa mazoezi. Alipotwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 alikuwa akilitaja neno gaman, uvumilivu, kuwa alilichukua huko.

Adabu haitakuwa ngeni kwako. Sisi hatumwiti mkubwa "wewe". Tunamwita Mwalimu, Mzee, Mama Asha. Wao vivyo hivyo huepuka anata, hutumia jina na san, au sensei kwa mwalimu na daktari. San usijiwekee mwenyewe. Shika desu na masu, miisho ya heshima, kwa kila mtu mpaka rafiki akuonyeshe njia ya kulegeza. Na ogenki desu ka si "habari" ya kila saa, huulizwa mtu mliyepoteana kitambo. Asubuhi sema ohayou gozaimasu, inatosha.

Hatua ya nane: mtihani

Mtihani wa JLPT, unaopima Kijapani cha wageni, una ngazi tano, N5 ya chini hadi N1. Hufanyika Julai na Desemba, lakini si kila mji unaofanya mara zote mbili. Nairobi ni kituo kimojawapo, kwa hiyo uliza mapema tarehe za usajili, kwani hufungwa miezi kadhaa kabla. N5 ina alama 180. Kufaulu ni 80, na ndani yake lazima upate angalau 38 kati ya 120 za lugha na kusoma, na 19 kati ya 60 za kusikiliza. Wengi huanguka kwenye kusikiliza kwa sababu walisoma kwa macho tu.

Mtihani huo hauna sehemu ya kuongea wala ya kuandika kwa mkono, ni kuchagua majibu. Basi hayo mawili yapange mwenyewe: kila jioni andika sentensi tatu za siku yako kwa kana na kanji ulizo nazo, umsomee mwenzako wa Osaka au ujirekodi, na makosa atakayoyarekebisha yawe ndiyo kadi zako za kesho.